Sura ya Tano: Safari Inaanzia Majini

Mwanamichezo wa ridhaa anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika triathloni ya mjini kwao kwa kawaida huanza na baiskeli. Huulizia bei za magurudumu, humtafuta fundi wa gia, huwasumbua wenzake kwa maswali ya viatu na vifuniko vya kiti. Hilo linaeleweka, maana baiskeli inaonekana na inashikika, na siku ya mashindano ndiyo itakayomchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo, hoja ya sura hii ni kwamba mtu huyo ameanzia pasipo mahali pake. Kwa mtu mwenye kazi, familia na saa chache za mazoezi kwa wiki, na hasa kwa mtu wa Afrika Mashariki, triathloni huamuliwa majini. Sehemu iliyo fupi kuliko zote kwa hesabu ya dakika ndiyo inayostahili fungu kubwa zaidi la maandalizi yake. Simtaki aogelee haraka kuliko wenzake. Namtaka atoke majini akiwa mzima, ametulia, na nguvu zake bado anazo.

Tuanze na vipimo, kwa sababu navyo ndivyo vinavyowapotosha wengi. Mashindano mafupi, ambayo ndiyo yanayomfaa anayeanza, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Yale ya kipimo cha Olimpiki, yaliyoingizwa katika michezo ya Sydney mwaka 2000, ni kilomita 1.5, kilomita 40 na kilomita 10. Ironman kamili ni kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli na marathoni nzima ya kilomita 42.2. Tuchukue mfano wa mtu wa kawaida anayemaliza kipimo cha Olimpiki kwa saa tatu: ataogelea kwa dakika kama 35, ataendesha baiskeli kwa dakika 85 hivi, kisha atakimbia kwa takriban saa nzima. Kuogelea ni kama sehemu moja ya tano ya safari yake. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake, utamwambia apeleke nguvu zake barabarani. Lakini dakika hupima muda tu. Hazipimi sehemu ile inamgharimu nini mwanamichezo, wala inamwachia nini cha kuendelea nacho.

Historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba suala la maji liliwashughulisha watu tangu mwanzo. Triathloni ya kwanza iliyobeba jina hilo kwa maana tunayoijua leo ilifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, jioni ya Jumatano, Septemba 25, 1974. Waliiandaa Jack Johnstone na Don Shanahan wa klabu ya riadha ya mji huo, na walioshiriki walikuwa 46, watu waliokuja baada ya kazi. Siku ile walitangulia kukimbia, wakafuatia na baiskeli, na kuogelea kukaja mwishoni. Giza likawakuta wa nyuma, ikabidi magari yasogezwe na kuwasha taa ili waonekane. Miongoni mwa washiriki alikuwamo John Collins, ofisa wa jeshi la maji. Miaka michache baadaye, yeye na mkewe Judy walianzisha mashindano ya Hawaii yaliyokuja kuitwa Ironman. Yalipofanyika mara ya kwanza katika kisiwa cha Oahu, Februari 18, 1978, walianza watu 15 na kumaliza 12, na maji yalikuwa yametangulizwa. Utaratibu huo umedumu hadi leo, na sababu yake ni nzito: mtu aliyechoka barabarani anaweza kuketi kando ya njia, lakini majini hakuna pa kuketi. Kuanza na maji, mwili ukiwa na nguvu na mwanga ukiwa umejaa, ni busara ya usalama kabla ya kuwa kanuni ya mchezo.

Kwamba busara hiyo haijamaliza hatari, tunajua kutokana na takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani uliangalia mashindano yaliyoidhinishwa nchini humo kati ya 2006 na 2008, yenye washiriki 959,214. Walikufa watu 14, na kati yao 13 walifia katika kuogelea. Utafiti mpana zaidi, uliotolewa mwaka 2017, ulikusanya matukio ya miaka 1985 hadi 2016 na kukuta watu 135 waliofariki au mioyo yao kusimama mashindanoni. Matukio 90 yalitokea majini. Tusitiane hofu: kiwango ni chini ya watu wawili kwa kila washiriki 100,000, na mamilioni wamemaliza salama. Lakini tazama uwiano. Sehemu inayochukua moja ya tano ya muda, au pungufu, imebeba theluthi mbili ya misiba katika hesabu moja na karibu yote katika nyingine. Mtu anayepanga mazoezi kwa kufuata dakika tu ameuacha ushahidi huu mezani.

Hapa msomaji makini atasema kwamba si wote waliofariki majini waliozama. Wengine mioyo yao ndiyo iliyowaangusha. Ni kweli, na lazima isemwe. Katika utafiti huo wa 2017, kati ya maiti 61 zilizofanyiwa uchunguzi, 27 zilikutwa na kasoro za moyo au mishipa, na wengi wa waliopatwa na masaibu hayo walikuwa wanaume wa makamo. Kwa hiyo anayevuka miaka 40 na kutaka kuingia mchezo huu aanzie kwa daktari, apimwe presha na moyo, kabla ya kufika dukani. Lakini pingamizi hilo linaitia nguvu hoja yangu badala ya kuipunguza. Moyo wenye kasoro ya siri ulimfikisha mtu huyo mazoezini na kumrudisha nyumbani mara nyingi. Uliposhindwa, mara nyingi ulishindwa majini, pale pumzi, hofu na msukumo wa ghafla vilipokutana. Kupunguza mzigo wa dakika zile ni kazi ya mazoezi, na inawezekana.

Tuziangalie dakika zenyewe kwa karibu. Filimbi inapulizwa, watu wanaingia majini kwa pamoja. Mkono wa jirani unamgonga mtu begani, mguu wa aliye mbele unamrushia maji usoni, miwani inasogea na jicho moja linajaa chumvi. Anayeanza hubana pumzi bila kujua. Akiinua kichwa kuvuta hewa, huwa bado hajaitoa ya kwanza, kwa hiyo anavuta kidogo tu, na baada ya mapigo machache ya mikono kifua kinabana akidhani hewa imekwisha, kumbe kilichojaa ni hewa iliyotumika. Hapo huinua kichwa zaidi. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu huzama, mwili unasimama wima nusu, na maji yanamzuia mara dufu. Anapiga miguu kwa nguvu ili asizame, na misuli mikubwa ya mapaja inakula hewa ile ile anayoitafuta. Ndani ya mita 200 amefika kwenye kikomo ambacho barabarani asingekifikia hata baada ya kilomita nyingi. Hakuna uzembe hapo wala woga wa kuzaliwa nao. Ni mnyororo wa sababu, na pete yake ya kwanza ni pumzi ambayo haikutolewa.

Mnyororo huo unaeleza pia kwa nini mkimbiaji hodari anaweza kuwa mwogeleaji dhaifu. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na mtu akiongeza kasi yake maradufu, ukinzani wa maji huongezeka karibu mara nne. Maana yake ni kwamba nguvu za ziada hulipa kidogo sana, ilhali mkao mzuri wa mwili hulipa sana. Barabarani, mtu mwenye mapafu na moyo mzuri anaweza kukimbia vibaya na bado akaenda. Majini, mapafu hayo hayo yanaweza kumalizikia katika kusukuma maji chini na pembeni badala ya kuusogeza mwili mbele. Ndiyo maana utamwona mzee mwembamba, au msichana wa shule aliyefundishwa vizuri, akimpita kijana mwenye misuli kwa utulivu kabisa. Kuogelea ni ufundi kwanza, nguvu baadaye. Na ufundi, tofauti na nguvu, haukopeki kutoka mchezo mwingine. Mwenye mazoea ya mbio atafaidika akiwa juu ya baiskeli. Majini ataanza darasa la kwanza.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka katika historia ile ile niliyoitaja. Mshindi wa Hawaii mwaka 1978, Gordon Haller, hakutoka majini wa kwanza. John Dunbar alimtangulia, na Haller akamkamata baadaye na kumshinda katika marathoni, akimaliza kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mtetezi wa barabara atauliza: kama mshindi wa kwanza kabisa alishinda kwa miguu, maji yanaamua nini? Jibu ni kwamba Haller aliachwa nyuma lakini hakuvunjika. Alitoka baharini akiwa na mwili wa kuendesha baiskeli siku nzima na bado kukimbia. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea kwa mtu wa ridhaa. Dakika tano anazochelewa majini zinaweza kurudi, lakini nguvu anazozimwaga humo hazirudi siku hiyo. Mwili hubeba akiba ya wanga ya takriban kalori 2,000 tu, na anayeanza safari kwa kuhangaika huila mapema. Dunia iliona maana ya akiba kwisha mwaka 1982, pale Julie Moss, mwanafunzi wa miaka 23, alipoongoza mbio za wanawake huko Hawaii, akaishiwa nguvu mita chache kabla ya mwisho, akapitwa na Kathleen McCartney, na kutambaa hadi kwenye mstari sekunde 29 baada yake. Yake yalikuwa masaibu ya mbioni. Funzo lake, hata hivyo, linagusa kila hatua: triathloni inadai hesabu ya matumizi, na anayetumia ovyo saa ya kwanza hulipa saa ya mwisho.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mashaka ya watu wa bara, kwani mtoto wa pwani amezaliwa na bahari mlangoni. Kuyazoea maji ni mtaji mkubwa, sikatai, na anayeweza kulala chali juu ya mawimbi bila hofu tayari amevuka nusu ya njia. Lakini kuogelea kwa kucheza, au kwa kutoka ngalawani hadi ufukweni, hufanywa kichwa kikiwa juu, kwa vipande vifupi, mtu akipumzika atakapo. Mita 750 mfululizo, uso ukiwa ndani ya maji, katikati ya umati, ni kazi nyingine. Isitoshe, vitabu vingi vya mchezo huu vimeandikwa kwa ajili ya maji baridi. Vinamshauri anayeanza avae suti ya mpira, nayo humwelesha na kumfichia makosa ya mkao. Kwa mashindano mafupi, kanuni za shirikisho la dunia haziruhusu suti hiyo kwa washindani wa ridhaa maji yakizidi nyuzi 22, na bahari yetu ina joto zaidi ya hapo mwaka mzima. Kwa hiyo mwanamichezo wa Tanga, Malindi au Unguja huogelea bila msaada ambao mwenzake wa Uingereza anaupata, na makosa yake yanaonekana yote.

Bahari yetu ina elimu yake pia, na wenye kuijua ni wavuvi kuliko makocha. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4. Maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo mashindano ya saa moja asubuhi siku hizo yanamkuta mwogeleaji maji yakitoka kwa kasi, na wa nyuma wanaweza kujikuta wakitembea juu ya matumbawe. Siku za maji mafu mwendo wa maji ni mdogo na asubuhi hiyo maji huwa yanajaa. Kusi linapovuma, mawimbi humjia mtu upande mmoja, na anayejua kuvuta pumzi upande huo tu atameza maji hadi mwisho. Wakati wa tangambili, kati ya kusi na kaskazi, bahari hutulia. Mwandaaji anayepanga tarehe bila kuangalia mwezi amewaongezea washiriki wake mzigo usio wa lazima, na mshiriki asiyeuliza habari za maji kabla ya kulipa ada ameacha nusu ya maandalizi. Kwenye maziwa nako kuna mambo yake. Rubavu, nchini Rwanda, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, ilipokea mashindano ya Ironman 70.3, yaani nusu ya Ironman kamili, Agosti 2022; uso wa ziwa hilo uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji yasiyo na chumvi hayamweleshi mtu kama bahari inavyofanya. Anayetoka pwani atahisi miguu yake mizito na pumzi yake fupi, na asipoambiwa mapema atadhani ni ugonjwa.

Kuna pingamizi la mwisho, na ndilo lenye uchungu zaidi: kwamba triathloni ni mchezo wa wenye nazo, na kumwambia mtu wa kipato cha kawaida ajifunze kuogelea kwa ufundi ni kumwongezea gharama. Wengine husema aachane na maji kabisa, ashiriki mashindano ya mbio na baiskeli pekee. Ushauri huo wa pili ni mzuri kama ngazi. Ni njia ya heshima ya kuanza, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kuingia majini kabla hajawa tayari. Lakini kuhusu gharama, naona hesabu imegeuzwa juu chini. Kilomita 20 zinaweza kuendeshwa kwa baiskeli yoyote yenye breki nzima, na kofia ngumu kichwani ni lazima. Kinachogharimu kweli ni tamaa ya kununua kasi, na anayeanza haihitaji. Fedha ya magurudumu mapya ikipelekwa kwa mwalimu wa kuogelea kwa miezi michache, itamrudishia zaidi siku ya mashindano, na itabaki kuwa mali yake hata akiacha mchezo. Baiskeli huibwa na huzeeka. Anayejua kuogelea anajua mpaka uzeeni.

Basi maandalizi yenyewe yaweje? Mwenye saa sita kwa wiki azipe maji saa tatu katika miezi ya mwanzo, kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara, kwani ufundi hukaa mwilini kwa kurudiwa. Wiki za kwanza zisiwe za kuhesabu mita. Ziwe za kutoa pumzi polepole uso ukiwa ndani ya maji, kugeuza kichwa badala ya kukiinua, na kulala chali pale hofu inapokuja mpaka moyo utulie. Baadaye aongeze kuchungulia boya bila kuvunja mwendo, na kuogelea bega kwa bega na wenzake ili mguso wa mtu mwingine usimshtue. Asiende bahari wazi peke yake hata siku moja. Siku ya mashindano asimame pembeni au nyuma ya umati, aache wenye haraka watangulie, na mita 200 za kwanza aende taratibu kuliko anavyotaka. Tuna methali isemayo maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Inafaa kwa mengi, lakini si hapa. Kanuni za triathloni zinamruhusu mwogeleaji kushika boya au chombo kilichosimama na kupumzika, mradi asikitumie kujisogeza mbele, na kuinua mkono kuomba msaada si aibu. Mwandaaji naye ahakikishe waokoaji wapo wa kutosha na wanaona kila kichwa, na awe tayari kufupisha sehemu ya maji au kuifuta hali ikichafuka. Mashindano ya mtaani hayapotezi hadhi kwa kuahirishwa. Hupoteza hadhi kwa kumpoteza mtu.

Nimezungumza na mwanamichezo, lakini jambo hili ni pana kuliko mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tuna bahari ndefu, tuna Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na bado shule nyingi zilizo hatua chache kutoka majini hazifundishi kuogelea. Haja ya kufanya hivyo haisubiri mabwawa ya marumaru. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha watoto, wakiwamo wasichana waliovaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, kuogelea na kuokoa wengine katika bahari ile ile wanayoiona kila siku. Triathloni ya mtaani inaweza kuwa mshirika wa kazi hiyo: sehemu ya ada ilipie mwalimu wa watoto wa kijiji kinachopokea mashindano, na waokoaji wafunzwe kutoka kijiji hicho hicho. Nawe unayefikiria kujiandikisha mwaka huu, usianzie dukani. Mtafute mwalimu wa kuogelea wiki hii, na utakapokwenda kwake, mchukue mwanao mwende pamoja.